Simu Mbili Ndani ya Studio Moja

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma uandishi wa habari mwaka wa pili, Tanga, na mwisho wa wiki najitolea kwenye redio ya jamii. Kazi yangu ni kupokea simu za wasikilizaji. Juzi tumetazama filamu ya Kikorea, The Terror Live. Mtangazaji wa redio anapigiwa na mtu anayesema ana bomu, anamdharau, daraja linalipuka kweli. Badala ya kuita polisi anamwita bosi wake, wanaweka kamera za televisheni studio na kuendelea na yule mtu hewani. Wenzangu wanasema hiyo ni chumvi ya sinema, hakuna kituo kinachoweza kufanya hivyo. Mimi sina hakika. Je, mambo haya yamewahi kutokea? Na simu kama ile ikiniangukia mimi, nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wenzako wamepata nusu. Chumvi imo, tena ya kutosha, ila wameionja mahali isipokuwepo. Walichodhani hakiwezekani, yaani kituo kumweka hewani mtu mwenye silaha huku watu wakiwa mikononi mwake, kimetokea zaidi ya mara moja, na watu wamekufa. Ambacho huenda hakuna aliyekitilia shaka, kwamba serikali nzima inamwachia mtangazaji mmoja azungumze na mhalifu mpaka mwisho, hicho ndicho cha kubuni.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona, nieleze kidogo. Filamu ilitoka Korea Kusini mwishoni mwa Julai 2013, mwongozaji Kim Byung-woo, na karibu yote inatokea ndani ya chumba cha redio. Yoon Young-hwa, anayeigizwa na Ha Jung-woo, alikuwa msomaji nyota wa taarifa ya habari ya televisheni, akashushwa redioni baada ya mambo ya hongo. Asubuhi moja anaongoza kipindi cha kupiga simu. Anaingia mtu anayejiita Park No-gyu, fundi wa ujenzi, analalamikia bili ya umeme na hataki kukata. Mtangazaji anamtolea maneno machafu. Muda si muda sehemu ya Daraja la Mapo inaruka, na moshi wake unaonekana dirishani. Filamu haikuwa na bajeti kubwa, lakini watu zaidi ya milioni 5.5 walikata tiketi kuitazama nchini mwao, tena ikiwa imeingia kumbini wiki moja na Snowpiercer ya Bong Joon-ho.

Lile dirisha halikuwekwa kwa urembo. Daraja la Mapo linavuka Mto Han na kuingia Yeouido, kisiwa cha katikati ya Seoul chenye Bunge, soko la hisa, mabenki na makao ya KBS, shirika la utangazaji la taifa. Mtazamaji wa Seoul hahitaji kuelezwa. Anayelipua njia ya kuingia Yeouido anagonga mlango wa wenye amri, wenye fedha na wenye sauti kwa mpigo mmoja. Na anachodai yule mpiga simu, baada ya fedha, ni neno moja tu: Rais aje studio aombe radhi, kwa sababu wafanyakazi watatu walikufa wakikarabati daraja hilo na hakuna mkubwa aliyejali.

Hapo Mkorea anakumbuka mengine. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1994, Daraja la Seongsu, juu ya mto huohuo, lilikatika katikati; watu 32 wakafa, wakiwemo wasichana waliokuwa kwenye basi wakienda shule. Miezi minane baadaye, tarehe 29 Juni 1995, jengo la maduka la Sampoong liliporomoka likaua watu 502. Ni nchi iliyojengwa mbio mno, na waliolipia mbio hizo mara nyingi walikuwa watu ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kibao cha ufunguzi. Ndiyo maana bomu la filamu ile linaanzia kwenye malalamiko ya bili.

Sasa chumvi yenyewe. Kituo kinamlipa mpiga simu mabilioni ya won, fedha ya Korea, ili aendelee na mahojiano, na fedha zinatoka ndani ya dakika. Mhasibu wa kituo chochote ninachokijua angedai fomu tatu na sahihi mbili kabla ya kutoa nauli ya teksi. Kisikizio cha sikioni chenye bomu, haya, tuwaachie watu wa sinema. Kikubwa zaidi ni afisa wa kupambana na ugaidi kuingia studio, kuketi pembeni, na kuacha laini ibaki mikononi mwa mtangazaji. Polisi wanaoijua kazi yao wangeihamisha simu hiyo kwa mpatanishi wao, wakamwacha Young-hwa na maiki iliyozimwa.

Nasema wanaoijua kazi yao, kwa sababu tarehe 23 Agosti 2010 mjini Manila mambo hayakwenda hivyo.

Rolando Mendoza, afisa wa polisi aliyefukuzwa kazi, aliteka basi la watalii kutoka Hong Kong na kulisimamisha karibu na jukwaa la Quirino, kwenye bustani ya Rizal. Kama mpiga simu wa filamuni, naye alikuwa na dukuduku: alitaka kesi yake iangaliwe upya, arudishiwe kazi. Mchana kutwa aliwaachia mateka kadhaa, na ilionekana jambo lingeisha kwa maneno. Lakini ndani ya basi mlikuwa na televisheni, na vituo vilikuwa vikirusha kila kitu mubashara, hata mahali walipojipanga polisi. Jioni mdogo wake, naye polisi, akakamatwa mbele ya kamera akipiga mayowe na kung'ang'ania watu. Mendoza akaiona picha hiyo akiwa kwenye kiti chake ndani ya basi.

Na wakati huohuo alikuwa kwenye simu na mtangazaji wa redio. Hewani. Akawa anasema wamwachie ndugu yake, la sivyo ataua. Mpatanishi aliyekuwa akimtafuta hakuweza kumpata, maana laini ilikuwa imeshikwa. Milio ya risasi ikaanza. Mateka wanane walikufa, na Mendoza mwenyewe akauawa na polisi. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Waziri wa Sheria, Leila de Lima, ilikuwa na maneno makali kwa polisi na kwa vyombo vya habari vilevile.

Nimelifikiria tukio hili kwa miaka mingi kuliko ninavyofikiria filamu yoyote. Young-hwa wa filamuni unaweza kumchukia. Anashika simu kuita polisi, kidole kinasita, anaona hapa ndipo pa kurudia kwenye taarifa ya saa tatu usiku, anaanza kupatana na bosi. Ulafi huo unaonekana kwa macho. Mtangazaji wa Manila huwezi kumsoma kwa urahisi hivyo. Mtu aliyekata tamaa amekubali kuzungumza naye, sauti yake anaifahamu, anamsikiliza. Nani kati yetu, akiwa kwenye kiti hicho, asingejiambia kwamba kumkatia simu mtu huyo ni kuwaua abiria? Kwa hiyo akaendelea. Nia njema na maiki iliyo wazi zilifanya kazi ileile ambayo ulafi unaifanya filamuni: zilimfanya mtekaji awe na wasikilizaji wa kuwaridhisha.

Tofauti ni kubwa kati ya mtu anayezungumza na mpatanishi na mtu anayezungumza na taifa. Na mpatanishi anaweza kurudi nyuma, kusema nilikosea, tuanze tena, hakuna anayemcheka. Mwenye silaha naye anaweza kulegeza kamba bila kuaibika. Mweke hewani, umemfungia njia ya kurudi. Kila alichokisema sasa ni ahadi mbele ya watu milioni, na asipoitimiza ni muongo. Ukiitazama tena filamu angalia jinsi masharti yanavyopanda ngazi: kwanza fedha, halafu Rais. Yanapanda kwa sababu kuna hadhira.

Ujerumani ililijua hili mapema kidogo. Agosti 1988 majambazi wawili waliovamia benki mjini Gladbeck walizunguka nchi na mateka kwa siku mbili na zaidi, huku waandishi wakiwafuata kama msafara wa harusi. Mjini Köln walisimamisha gari katikati ya mji, waandishi wakalizunguka, wakawahoji majambazi wakiwa na bastola mkononi. Mwandishi mmoja aliingia ndani ya gari kuwaonyesha njia ya kutoka mjini. Ilipokwisha, mateka wawili vijana na polisi mmoja walikuwa wamekufa. Baadaye Baraza la Habari la Ujerumani likaweka msimamo ambao upo hadi leo, kwamba hakuna kumhoji mhalifu wakati uhalifu unaendelea.

Miezi miwili baadaye, Seoul, Michezo ya Olimpiki ikiwa imemalizika majuma mawili tu yaliyopita, wafungwa waliotoroka wakiongozwa na Ji Kang-heon walijifungia na familia moja nyumbani kwao. Televisheni ikarusha mubashara. Ji akapaza sauti kwa maneno ambayo Wakorea wanayatumia mpaka kesho kama methali: mwenye fedha hana hatia, asiye na fedha ana hatia. Siwezi kukuambia kwamba mwongozaji alikuwa na picha hiyo kichwani alipoandika. Lakini watazamaji wake wa makamo walikuwa nayo. Walishamwona mara moja mhalifu ambaye nusu ya nchi ilikuwa ikitikisa kichwa kukubaliana naye huku ikiogopa kifo cha watu waliomo ndani.

Filamu hii pia imefanywa upya India, mwaka 2021, kwa jina la Dhamaka, na daraja likawa la Mumbai. Mji huo una kumbukumbu yake yenyewe ya simu na televisheni. Novemba 2008, magaidi waliovamia mji walipokuwa ndani ya hoteli, wakubwa wao waliokuwa Pakistani walitazama matangazo ya moja kwa moja na kuwaelekeza vijana wao kwa simu: askari wanashuka kutoka juu, moto umeshika upande huu. Watu 166 walikufa katika siku zile. Mahakama ya Juu ya India, ikitoa hukumu ya mshambuliaji pekee aliyekamatwa hai, mwaka 2012, ilivikemea vituo vya televisheni kwa matangazo hayo.

Basi swali lako la kwanza nimelijibu. Lakini hujauliza juu ya simu ya pili, na kwangu hiyo ndiyo roho ya filamu.

Studio ya Young-hwa ina simu mbili. Moja ni ya mtu wa chini, mwenye bomu. Nyingine inaingilia kwenye kisikizio: sauti ya bosi, mkuu wa habari, anayeangalia idadi ya watazamaji ikipanda na kumwambia sema hivi, mkasirishe kidogo, usikate. Na nyuma ya bosi kuna ofisi kubwa zaidi ambayo haitaki Rais aonekane akipiga magoti. Mtangazaji yuko katikati, sikio moja kwa huyu, sikio moja kwa yule. Mwenye bomu ana masharti yake, na wenye suti wana yao, na wote wanataka maneno yao yatoke kwenye mdomo uleule.

Wakorea wa 2013 hawakuona hilo kuwa hadithi ya mbali. Mwaka uliotangulia, waandishi wa kituo cha televisheni cha MBC walikuwa wamegoma kwa siku 170 wakidai bosi wao aondoke kwa sababu habari zilikuwa zikielekea upande wa serikali. KBS na YTN, kituo cha habari, nao waligoma. Desemba 2011 vituo vinne vipya vya kebo vilianza kwa mpigo, na kila mtu akawa anagombea mtazamaji yuleyule. Siku chache kabla filamu haijatoka, mwanaharakati mmoja aliyetangaza mapema kwamba atajitupa kutoka Daraja la Mapo alifanya hivyo akafa, na picha iliyosambaa ilimwonyesha mpiga picha wa televisheni akirekodi palepale darajani. Kituo kilijitetea kwamba wafanyakazi wake walitoa taarifa polisi. Hasira haikupoa kwa utetezi huo.

Halafu ikaja Aprili 2014. Sasa filamu ikaonekana kama iliandikwa na mtu aliyeota.

Asubuhi ya tarehe 16 feri iitwayo Sewol ilianza kulala upande karibu na kisiwa cha Jindo, ikiwa na watu 476, wengi wao wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Danwon, Ansan, waliokuwa kwenye safari ya shule kwenda Jeju. Muda mfupi baada ya saa tano asubuhi vituo vya televisheni, kimoja baada ya kingine, vikaandika kwenye skrini kwamba wanafunzi wote wameokolewa. Wazazi wakakumbatiana. Halikuwa kweli hata kidogo. Mchana serikali ikatangaza waliookolewa ni 368, kisha ikarekebisha. Hesabu ya mwisho ya walionusurika ilikuwa 172. Waliokufa ni 304, na kati yao wanafunzi 250.

Wewe ni wa Tanga, huenda Septemba 2018 ulikuwa bado mdogo. Sisi tuliofuatilia kivuko cha MV Nyerere kilipozama kule Ukara, idadi ya waliokufa ikipanda kila siku na hakuna anayejua meli ilibeba watu wangapi, tunajua mzazi anasikiaje tarakimu redioni. Kwake hiyo tarakimu si habari. Anaisikiliza akimtafuta mtoto wake ndani yake.

Nani alisema wote wameokolewa? Ilikuwa minong'ono, mtu kamsikia mtu, kituo kimoja kikaiweka hewani, cha pili kikaona cha kwanza kimetangaza na kuogopa kuachwa. Hakuna aliyepiga simu kwenye boti za uokoaji. Jioni hiyohiyo kituo kimoja kilionekana kikipiga hesabu ya bima ambayo familia zingelipwa, watoto wakiwa bado ndani ya meli. Kwenye JTBC, kimoja cha vile vituo vinne vya kebo, mtangazaji alimuuliza msichana aliyetolewa majini kama anajua rafiki yake amekufa. Mtoto akaangua kilio. Usiku, Sohn Suk-hee, mkuu wa habari wa kituo hicho na msomaji wa taarifa, alianza kwa kuomba radhi yeye mwenyewe, bila kumtupia lawama mdogo wake wa kazi. Mwaka mmoja kabla, filamu ilikuwa imejaa watu wanaokufa kwa sababu mkubwa hataki kutamka neno hilo. Yeye alilitamka na kituo chake hakikuanguka. Kwa watazamaji wengi katika miezi iliyofuata kilikuwa ndicho kituo cha kuaminika.

Wakorea wakaanza kutumia neno giregi. Ni gija, mwandishi wa habari, limebanwa na sseuregi, takataka. Mwandishi aliyekwenda Jindo alilisikia likirushwa usoni kwake na akina mama.

Na simu ya pili? Mwezi Mei familia zilikwenda hadi makao ya KBS, Yeouido, zikibeba picha za watoto wao, baada ya kusikika kwamba mhariri mkuu wa habari, Kim Si-gon, alilinganisha idadi ya waliokufa na wanaokufa kwa ajali za barabarani. Alijiuzulu. Lakini alipokuwa akitoka alifunua kwamba rais wa shirika alikuwa akiingilia habari. Juni bodi ikamwondoa rais huyo, Gil Hwan-young. Miaka miwili baadaye, 2016, chama cha wafanyakazi wa vyombo vya habari kilitoa sauti zilizorekodiwa: Lee Jung-hyun, aliyekuwa mkuu wa mawasiliano ya umma wa Ikulu, akimpigia Kim katika siku zile za Aprili, akilalamika na kumsihi asiwaandame walinzi wa pwani, abadilishe habari. Alishtakiwa kwa sheria ya utangazaji inayokataza mtu kuingilia vipindi, na Januari 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha faini ya won milioni 10. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kutiwa hatiani kwa kifungu hicho tangu kiandikwe.

Unaona? Mtu wa Ikulu hakuwa na bomu. Alikuwa na namba ya simu ya mhariri, na alizungumza kwa lugha ya kubembeleza, nisaidie mara hii tu. Simu ya mwenye bomu inajulikana ni hatari tangu neno la kwanza. Hii nyingine inaingia kwa heshima. Kama ningeambiwa nichague kipande kimoja cha filamu cha kuonyesha darasani, nisingechagua mlipuko. Ningechagua uso wa Young-hwa anaposikiliza sauti mbili kwa pamoja na mdomo wake kuanza kutamka ya yule asiyeonekana.

Septemba 2014, miezi mitano baada ya Sewol, vyama vya wanahabari wa Korea vilipitisha kanuni za pamoja za kuripoti maafa. Usahihi kabla ya kasi. Usimlazimishe aliyefikwa kuzungumza. Watoto uwaache. Zipo, na zinavunjwa pia, lakini sasa mwandishi kijana akiambiwa na bosi mwulize yule mtoto ana karatasi ya kumjibia.

Sasa swali lako la pili, la kwako wewe mwenye kupokea simu.

Jambo la kwanza, kuna ukuta kati yako na hewani, na ukuta huo ni wewe. Kwenye filamu simu inaingia moja kwa moja kwa mtangazaji, kwa sababu sinema haina muda wa mpokea simu. Kwenye redio yenu mpigaji anakukuta wewe kwanza. Akisema ana bomu, ana mtu mateka, ameshika panga mlangoni kwa mke wake, asivuke kwenda studio. Hata kama mtangazaji anakuonyesha kwa mkono kwamba ana nafasi. Hata kama mpigaji anasema nikisikia redio haijaniweka naua. Mwambie ukweli: mimi ndiye ninayekusikiliza, niko hapa. Usimwambie unamweka hewani sasa hivi ikiwa humweki.

Usimkatie. Wakati unazungumza naye, mwenzako atumie simu nyingine kupiga 112. Kama uko peke yako, andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi uibandike kwenye kioo. Halafu andika kila kitu, neno kwa neno kadiri uwezavyo, na saa. Unasikia nini nyuma yake: pikipiki, adhana, mtoto, bahari? Anatumia jina gani kumtaja aliye naye? Kumbuka wewe si mpatanishi. Usimpe ahadi, usimbishie, usimuulize kwa nini umefanya hivi kana kwamba unamhoji. Muulize kama kuna aliyeumia, na yuko wapi. Sauti ya chini, maneno machache. Polisi wakifika au wakipiga, laini ni yao. Simu ile haikuwa ya redio kwa sababu tu iliingilia kwenye namba ya redio.

Kama bahati mbaya amepenya na yuko hewani tayari, fundi mitambo aweke muziki, mtangazaji aseme tumepata hitilafu ya laini, na mazungumzo yaendelee nje ya hewa. Vituo vikubwa vina mtambo wa kuchelewesha matangazo kwa sekunde kadhaa na kitufe cha kufuta. Redio nyingi za jamii hazina, najua. Nyimbo mnazo.

Na msitangaze kwamba amepiga. Hilo wengi wanalisahau. Wanamnyima maiki, kisha dakika tano baadaye wanasema tumepokea simu ya vitisho kutoka mtaa fulani, na majirani wote wanakwenda kutazama.

Kwa simu ya pili sina utaratibu mzuri hivyo. Mkubwa akipiga, iwe mmiliki, mdhamini au mheshimiwa, mwandikie jina, saa na alichotaka kwenye daftari lilelile unaloandikia wasikilizaji wengine. Kim Si-gon alikuwa na kumbukumbu zake za simu na za nani alitaka nini kiondolewe, na bila hizo pangebaki neno lake dhidi ya neno la Ikulu. Kuhusu kama ukatae au ukubali, wewe ni mwanafunzi unayejitolea, sitakudanganya kwamba kukataa ni rahisi. Mpelekee mhariri wako, mwambie mbele ya mtu wa tatu.

Nikuambie langu, kwa kuwa nimesema ya watu wa mbali. Zamani, kwenye kituo ambacho sitakitaja, nilikuwa mtayarishaji wa kipindi cha jioni, msimu wa masika. Akapiga mtu akasema daraja la barabara kuu limesombwa na basi la abiria limetumbukia. Sauti yake ilitetemeka, nikaamini mtetemo. Nikamweka hewani. Alizungumza dakika mbili, akataja hadi rangi ya basi. Simu zikafurika, watu wakilia, mwanamke mmoja akituomba tumtajie tu kama basi limetoka saa nane au saa tisa. Daraja lilikuwa zima, maji yamepita juu yake tu, na basi lilikuwa limeegeshwa upande wa pili likisubiri yapungue. Sidhani yule mtu alikusudia uongo. Alikuwa amesikia kwa mwenzake. Tulisahihisha nusu saa baadaye, na nusu saa ile yule mwanamke alikuwa ameshatoka nyumbani kwake kwa miguu, mvua inanyesha, kuelekea darajani.

Kituo kilikuwa na kanuni iliyoandikwa vizuri sana kuhusu kuhakikisha taarifa kwa watu wawili kabla ya kutangaza. Ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango wa studio, na mlango huo wakati wa kipindi ulikuwa wazi, umeegemea ukuta. Kwa hiyo mkiandika ya kwenu, ibandikeni pembeni ya simu.